Mapenzi, Kodi na Boksi la Risiti

Mwezi wa sita hapa Dodoma una upepo wake. Unapuliza vumbi hadi ndani ya kabati la vyombo, na jioni baridi inakulazimisha kutafuta lile sweta ulilolisahau tangu mwaka jana. Jioni moja ya namna hiyo mimi na mume wangu tuligombana, tukanuniana siku tatu. Haikuwa simu iliyoita usiku wa manane, wala maneno ya mawifi, wala meseji ya "mambo?" kutoka kwa mtu asiyejulikana. Tuligombania kodi.

Cheka tu. Hata mimi leo nacheka. Lakini siku ile nililala nimeelekea ukutani.

Nikueleze ilivyokuwa. Mume wangu ni msanifu majengo, amejiajiri. Tulihama Dar baada ya Serikali kutangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia Dodoma kweli, si ile ahadi ya tangu 1973 ambayo wazazi wetu walishazoea kuisikia. Watu wakaanza kujenga: Iyumbu, Ihumwa, Nala, kila upande unaona tofali. Yeye akaona kazi. Mimi nikapata kazi ya kuajiriwa, hii hii ya kuhariri. Kwa hiyo nyumba yetu ina aina mbili za pesa. Yake inakuja kwa mafungu, leo nyingi, miezi miwili ukame. Yangu inakuja kila mwisho wa mwezi, imeshanyolewa.

Tarehe 30 Juni ndiyo siku ya mwisho ya kupeleka TRA ritani ya mwaka uliotangulia, kwa yule ambaye mwaka wake wa hesabu unaishia Desemba. Basi wiki moja kabla ya hapo, meza yetu ya chakula iligeuka ofisi. Boksi la viatu limejaa risiti, kikokotoo, na mhasibu wetu, kijana mpole anayekunywa chai bila sukari. Mimi nilikuwa napita pita na sahani, masikio yakiwa pale mezani.

Nikasikia wanaondoa. Mafuta ya gari ya kwenda saiti, ondoa. Ada ya mwaka ya bodi ya usajili wa wasanifu majengo, ondoa. Kodi ya ile fremu anayofanyia kazi, ondoa. Wino na makaratasi makubwa ya kuchapia ramani, ondoa. Buti na kofia ngumu za saiti, ondoa. Ikaja kompyuta aliyonunua 3,000,000. Mhasibu akasema kompyuta haiondolewi yote kwa mara moja, inaliwa kidogo kidogo kama uchakavu, asilimia 37.5 ya thamani iliyobaki kila mwaka. Mwaka wa kwanza 1,125,000. Mwaka wa pili, 703,125. Nikasimama na sahani mkononi.

"Na zangu je?" nikauliza.

"Zako zipi?"

Nikaleta kipochi changu. Mwaka ule nilinunua laptopu ya 1,800,000 kwa pesa yangu, kwa sababu ile ya ofisi ilikuwa ikiganda kila nikifungua kurasa mbili. Bando la intaneti kila mwezi. Bajaji za kwenda Mji wa Serikali pale Mtumba kufanya mahojiano, kwenda na kurudi. Yote hayo ni kazi. Sikununua laptopu nipambie sebule.

"Weka na zangu humo," nikasema. "Si tunaishi nyumba moja?"

Mume wangu akamtazama mhasibu, mhasibu akatazama chai yake. Kisha mume wangu akasema, kwa sauti ya chini kabisa, "Hapana mke wangu. Hizo si za biashara yangu."

Neno lililonichoma ni hilo la mwisho. Yangu. Mtu ambaye miezi miwili ya ukame tunakula mshahara wangu bila kuandikiana, leo kuna "yangu"!

Siku ya nne hasira ilipopoa nikafanya kile ambacho mwandishi yeyote angepaswa kufanya kabla ya kununa: nikaenda kuuliza. Nilikaa na mhasibu yule yule saa nzima, na nilichojifunza nimeona nikuletee, maana najua nyumba za aina ya kwetu ni nyingi. Mmoja kaajiriwa, mwingine kajiajiri. Au wote wameajiriwa na wana kamradi pembeni.

Sheria yetu ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inamtazama mwenye biashara kwa jicho moja na mwajiriwa kwa jicho jingine. Mwenye biashara anatozwa kwenye faida. Anachukua mapato ya mwaka, anaondoa gharama zilizotumika zote, na kwa ajili hiyo tu, kuzalisha mapato hayo, na kinachobaki ndicho kinachotozwa. Mwajiriwa hana hesabu hiyo. Mshahara unaingia, unaondolewa mchango wake wa NSSF au PSSSF, kisha PAYE inapita. Umenunua nini ili uweze kuifanya hiyo kazi? Hakuna anayekuuliza. Laptopu yangu kwa macho ya sheria ni sawa na friji yangu.

Na PAYE yenyewe si ya mchezo. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, shilingi 270,000 za kwanza za mwezi hazina kodi, zinazofuata hadi 520,000 ni asilimia 8, kisha inapanda 20, kisha 25, na kila shilingi inayopita 1,000,000 inakatwa asilimia 30. Wale wenzangu tuliosoma kwa mkopo tunajua kuna na ile asilimia 15 ya mshahara wa msingi inayokwenda Bodi ya Mikopo, na hiyo haipunguzi PAYE hata senti. Mtu unahitimu, unaajiriwa, unanunua vitendea kazi mwenyewe, halafu unashangaa kwa nini tarehe 10 unakopa.

Sasa hapa ndipo nilipofungua macho. Nilidhani habari imeishia hapo, mwajiriwa hana chake, tukubali. Kumbe haijaishia. Sheria haimruhusu mwajiriwa kuondoa gharama, lakini inaangalia sana pesa ya gharama hiyo ilimfikiaje.

Chukua posho ya usafiri. Ofisi nyingi binafsi zinapenda kukuambia, "Mshahara ni huu, na posho ya usafiri 200,000." Unatoka kwenye usaili unatabasamu. Lakini posho ya namna hiyo, inayoingia kila mwezi usafiri usisafiri, ni mapato kama mshahara wenyewe. Ukiwa umeshapita ile milioni, 60,000 inaondoka. Kwa mwaka 720,000. Lakini ofisi hiyo hiyo ikikurudishia pesa uliyoitumia kwenye safari ya kikazi, kiasi kile kile ulichotoa na kwa uthibitisho, hiyo haihesabiwi kuwa kipato chako. Unarudishiwa chako. Hakuna cha kukata.

Unaona tofauti? Bajaji ni ile ile, Mtumba ni ile ile, mimi ni yule yule.

Tena kuna la gari, ambalo lilinifanya nicheke kwa uchungu. Tuseme ofisi haikupi posho, inakupa gari la kutumia. Sheria ina jedwali lake la kukadiria faida unayoipata, na gari lenye injini ya zaidi ya cc 1000 hadi 2000, lililozidi miaka mitano, linahesabiwa 250,000. Nikasema, "Kwa mwezi?" Mhasibu akasema, "Kwa mwaka, dada." Asilimia 30 ya hiyo ni 75,000 kwa mwaka mzima. Na kama mwajiri mwenyewe hakuondoa gharama za gari hilo kwenye hesabu zake za kodi, hata hiyo haihesabiwi kwako. Kwa hiyo bosi mwenye gari la kampuni analipia 75,000, na binti wa mapokezi aliyefikisha milioni kwa tabu, mwenye posho ya daladala ya 200,000, analipia 720,000. Sisemi kitu. Nimeweka tu namba mbili pembeni.

Halafu nikamkumbuka jirani yangu, dada mmoja wa wizarani. Tunalingana mshahara karibu sawa, lakini yeye kila mara mwisho wa mwezi ana nafuu kuliko mimi, na nilikuwa nadhani ni mchezo wa upatu. Si upatu. Mtumishi wa Serikali, au wa taasisi yake inayoendeshwa zaidi kwa ruzuku ya Serikali, posho zake kama za nyumba, usafiri, madaraka, kazi za ziada na mazingira magumu zimetolewa kwenye kodi na sheria yenyewe. Mimi wa ofisi binafsi, posho hizo hizo kwa majina hayo hayo, zinakatwa. Kwa hiyo ukiwa Dodoma na mwenzako kaajiriwa Serikalini na wewe umeajiriwa na kampuni, msilinganishe mishahara kwa kutazama jumla ya juu. Tazameni mstari wa chini kabisa, ule unaoingia benki. Nimeona ndoa changa zikitikisika kwa sababu mmoja anaamini mwenzake anaficha pesa, kumbe pesa imeliwa njiani.

Wapo walio na hali ngumu zaidi yangu. Mwalimu wa shule binafsi anayenunua manila na kalamu za rangi mwenyewe ili watoto wa darasa la kwanza waione herufi. Muuguzi wa hospitali binafsi anayejishonea sare ya pili, kwa sababu moja haikauki kwa wakati. Kama shule au hospitali haikuwarudishia, imetoka. Na wengi hawaombi, wanaona aibu, wanaona ni kujishusha kumwendea mkuu na risiti ya 15,000. Mimi mwenyewe nilikuwa hivyo.

Usidhani ni sisi tu. Marekani, mwajiriwa aliyekuwa akidai gharama za kazi ambazo hakurudishiwa alifungiwa mlango na sheria ya 2017, na mwaka 2025 wakaamua ubaki umefungwa. Walimu walibakiziwa nafuu ndogo. Kenya wamekwenda kwa njia ya posho ya safari: kiasi cha siku ambacho hakiulizwi kilikuwa shilingi 2,000 za kwao, sheria ya fedha ya 2025 ikakipandisha hadi 10,000. Wanaofaidi kweli ni Waaustralia. Kule mamlaka ya kodi imeandika mwongozo wa kila kazi peke yake, muuguzi wake, dereva wa lori wake, mwalimu wake, na anayefanya kazi juani anaweza hata kudai mafuta ya kujikinga na jua. Hebu fikiria fundi wa pale Ihumwa saa saba mchana naye apewe hiyo!

Turudi kwa waliojiajiri, maana na wao wasije wakatamba. Kuondoa gharama ni haki yao lakini ina masharti, na sharti kubwa ni lile la "kwa ajili hiyo tu". Matumizi ya kujitunza mwenyewe na familia yako hayaondoki, hata uyavishe suti. Na suti ndiyo mfano wenyewe. Wakili mwenye ofisi yake akisafiri kwenda kwenye kesi Singida, nauli na kulala ni gharama ya kazi. Kodi ya ofisi, leseni ya uwakili, mshahara wa karani, sawa. Lakini suti nyeusi? Uingereza kulikuwa na kesi iliyofika juu kabisa, Bunge la Malordi, mwaka 1983. Wakili Ann Mallalieu alitaka kuondoa gharama za nguo nyeusi za mahakamani, akasema kama si kazi asingezivaa kamwe. Walimkatalia. Zilikuwa za kazi, ndiyo, lakini pia zilimsitiri na kumpa joto kama binadamu mwingine yeyote. Nilipomsimulia mume wangu akaangalia shati lake jeupe la kwenda kuonana na wateja, akalirudisha kabatini bila neno.

Kuna na mengine aliyojaribu kuyaingiza. Faini ya trafiki aliyopigwa njia ya Morogoro akiwahi mkutano wa mteja: haiondoki, sheria inakataa faini za Serikali moja kwa moja. Ile "chai" iliyotolewa mahali fulani ili karatasi itembee: hiyo ndiyo kabisa, rushwa imekataliwa kwa jina lake, na mhasibu akamwambia asimtajie tena. Michango ya harusi! Mwaka ule tulichangia harusi tano, na mume wangu akashikilia kwamba mbili kati yake zilimpatia wateja. Mhasibu alicheka hadi chai ikamwagika.

Na ile fremu yake ina kisa. Mpangaji mwenye biashara anatakiwa azuie asilimia 10 ya kodi ya pango na kuipeleka TRA kwa niaba ya mwenye nyumba. Jaribu kumwambia mzee mwenye fremu kwamba leo utampa pungufu. Mume wangu alijaribu, mzee akamjibu, "Mwanangu, hiyo TRA ndiyo imekujengea hii fremu?" Mwisho ikabidi aitoe mfukoni mwake, juu ya kodi aliyokwisha kulipa. Wapangaji wengi wa mji huu wanaijua hadithi hii.

Wale wa kamradi pembeni, sikilizeni hapa. Mji wetu umejaa watu wa ofisini wenye shamba la zabibu Hombolo, Mpunguzi au huko Chamwino. Mkulima anayeweka hesabu anaweza kuondoa gharama ya kusafisha shamba, kuchimba mifereji na kupanda zao la kudumu, na mzabibu ni zao la kudumu. Mashine za kilimo, kama ile pampu ya maji, zinaondolewa asilimia 100 mwaka wa kwanza, hazingoji kuliwa kidogo kidogo kama kompyuta ya mume wangu. Lakini ukiwa mdogo na unalipa kwa yale makadirio ya mauzo ghafi, kodi yako inatoka kwenye mauzo, si faida, na hapo hakuna cha kuondoa. Mwaka ambao ndege wamekula zabibu na bei imeanguka, hiyo inauma. Watoa huduma za kitaalamu kama mume wangu hawako kwenye makadirio hayo kabisa. Wao lazima hesabu.

Kuna rafiki yangu mmoja ambaye kila nikiandika habari hizi namkumbuka. Yeye yuko benki Dar, mume wake yuko wizarani hapa. Wana mtoto wa miaka mitatu anayelala mikono miwili tofauti. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, wanaonana mara mbili kwa mwezi badala ya moja. Nauli ya kawaida iliyotangazwa mwaka ule ilikuwa 31,000, kwa hiyo kwenda na kurudi mara mbili ni 124,000. Aliniuliza kama kuna namna yoyote ya kodi kuitambua hiyo nauli, maana aliyewatenganisha ni kazi. Nikamuuliza mhasibu. Jibu ni hapana. Kutoka unakolala kwenda unakofanyia kazi ni safari yako binafsi, kazi inaanza ukishafika. Waingereza waliamua hivyo tangu miaka ya 1920, kwa bwana mmoja aliyeishi London na kazi yake ya ujaji ikawa Portsmouth. Rafiki yangu aliposikia akasema, "Kwa hiyo kumpenda mume wangu ni starehe?" Sikuwa na la kumjibu. Nilimwambia aulize benki kama wana utaratibu wa uhamisho wa wenza.

Basi, siku ya nne hiyo nilirudi nyumbani nimeshaelewa kwa nini mume wangu alikataa. Angeweka laptopu yangu kwenye vitabu vyake, siku TRA wakija kukagua wangeikuta ina jina langu na kurasa za gazeti, na kingefuata ni kodi, riba na adhabu, na maswali juu ya kila risiti nyingine halali iliyomo bokisini. Alikuwa analinda mkate wetu. Angeweza kusema hivyo, lakini! Badala ya kusema "yangu", angesema tu, "Mke wangu, tutakamatwa." Nilimwambia. Akasema hakujua kwamba nimesikia "yangu", yeye alidhani nimenuna kwa sababu ya laptopu.

Tulipopatana nikakaa naye kulichambua lile boksi, na hapo ikawa zamu yangu. Wateja wake wakubwa ni taasisi, na taasisi zikilipa ada ya huduma huzuia asilimia 5 na kumpa cheti. Ile asilimia 5 si hasara. Ni kodi aliyokwisha kulipa, inahesabiwa kwenye bili ya mwaka, mradi cheti kipo. Mwaka ule alikuwa amefanya kazi za 18,000,000 na taasisi. Asilimia 5 ni 900,000. Vyeti nilivyovikuta bokisini vilikuwa vya 450,000.

"Vingine viko wapi?" nikamuuliza.

"Vitakuwa kwenye gari."

Havikuwa kwenye gari. Kulikuwa na kimoja kimekunjwa kuzuia kioo cha dirisha kisigonge. Nusu ya 900,000 alikuwa anaenda kuilipa mara ya pili, mtu huyu huyu anayezozana na mimi juu ya shilingi elfu mbili ya nyanya. Tulitumia siku tatu za mwisho kabla ya tarehe 30 kupiga simu kwa wahasibu wa taasisi kuomba nakala. Vyote vilipatikana isipokuwa kimoja, cha 40,000. Sasa boksi la viatu limestaafu, tumenunua faili lenye kurasa kumi na mbili, mwezi wake ukurasa wake, na linakaa juu ya kabati kwa miaka mitano kama sheria inavyotaka.

Na mimi? Niliandika barua ofisini. Nilipendekeza posho yangu ya usafiri ipunguzwe, na safari zote za kikazi, Mtumba, Kondoa, popote, nirudishiwe kwa uthibitisho. Bosi wangu alisoma mara mbili, akaita mhasibu wa ofisi, wakakubali. Haiwagharimu zaidi, wanatoa pesa ile ile. Kwa bajaji, ambayo dereva wake hana mashine ya EFD, kuna fomu ndogo ya malipo, anaandika jina na namba ya chombo, anasaini. Wa kwanza niliyempa aliigeuza geuza akaniuliza, "Dada, hii siyo ya polisi?"

Nilipofika kwenye laptopu, mhasibu wa ofisi akasema hakuna shida, leta risiti, ofisi itakurudishia na itaandikwa mali ya ofisi. Nikafungua kipochi. Nikakikung'uta chote juu ya meza yake. Kisha nikakumbuka. Siku ile Kariakoo muuzaji aliniambia bei mbili: 1,850,000 na risiti, 1,800,000 bila risiti. Mimi, mhariri mzima, nikachagua ya pili na kutoka dukani nikijiona mjanja.

Mume wangu nilimwambia juzi tu. Hajacheka, ila tangu siku hiyo kila tukienda dukani, hata kununua chumvi, ananisogelea sikioni na kuniuliza, "Mama, na risiti au bila?"